Eti Anadeka!

Wadau, leo wasanii wapumzike. Namuongelea mdogo wangu, tunaishi naye Mbagala, ana selimundu. Kachumbiwa na kijana wa Mwananyamala, mpole, ana kazi yake. Shida ni shangazi wa jamaa. Kaja kututembelea siku ambayo binti yuko kitandani, mifupa inamuuma hadi analia. Mama mtu anatoka, anasema mlangoni: "Huyu anadeka. Mume atamuweza kweli?"

Anadeka! Usiku ule sikulala, nikasoma kwa hasira.

Kumbe chembe nyekundu ya damu ni laini kama donge la chapati. Upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita, ila inapenya mishipa myembamba kuliko yenyewe, inajikunja tu inapita. Ya mwenye selimundu ikishaachia oksijeni, hemoglobini ndani yake inashikana kama nyuzi, chembe inakakamaa. Na ugumu huo unapimwa maabara, sio stori. Wanaifyonza chembe moja kwa bomba la kioo jembamba mno. Laini inateleza ndani, ngumu inagoma.

Kilichonikalisha kitako ni habari ya tabaka. Mshipa kwa ndani umetandikwa seli zilizopangana kama marumaru sebuleni. Mwaka 1980 kule Marekani, Robert Hebbel na wenzake walikuza tabaka hilo maabara, wakaweka chembe nyekundu juu yake. Chembe za wenye selimundu ziling'ang'ania pale kuliko za watu wengine, na ambao zao zilinata zaidi ndio walikuwa wanaumwa vibaya zaidi. Yaani ngumu, halafu zinanata, halafu njia nyembamba. Foleni ya Rangi Tatu saa 12 jioni, ila ndani ya mfupa wa mtu. Nani anadeka hapo?

Nikamrekodia shangazi yote hayo WhatsApp, dakika 6. Kasikiliza, kimya.

Bwana harusi naye nimembana akapime. Akiwa hana kabisa, watoto wao watabeba tu kinasaba, hawataugua. Akiwa amebeba, kila mimba ni nusu kwa nusu. Akaniletea za "mapenzi hayapimwi dada." Nikamwambia damu inapimwa.

Jumatatu wanaenda. Shangazi kasema atawasindikiza, "kuangalia tu." Na yeye atatolewa damu, hajui bado.