Ng'ombe wa Mzee na Shahada ya Utamaduni Pendwa

Mwishoni mwa mwaka jana, nikiwa likizo hapa Nkoaranga, niliitwa nyumbani kwa mzee mmoja jirani yetu. Kwa desturi za huku Umeruni, mwito wa mzee hauulizwi sababu. Nilikwenda, nikamwamkia, nikapewa kiti barazani na bakuli la loshoro. Tulizungumza habari za mvua, za kahawa na za waliotangulia mbele ya haki. Bakuli lilipokwisha ndipo akaligusa jambo lenyewe.

"Mwalimu," alisema, "mjukuu wangu ameanza chuo akisomea ualimu. Sasa anataka kuuacha, akasome nyimbo za vijana. Anasema wewe ndiye uliyemwambia kwamba nyimbo ni elimu. Mimi niliuza ng'ombe ili asome. Naomba uniambie: ng'ombe wangu amekwenda kwenye nyimbo?"

Nimesimama mbele ya madarasa mengi, na nimejibu maswali ya wenzangu katika makongamano, lakini sikumbuki swali lililonifunga mdomo kama hilo. Ni kweli kwamba nilimwambia binti yule maneno hayo. Nilikuwa nimesema, katika mazungumzo na vijana wa hapa kijijini, kwamba utamaduni pendwa, yaani muziki, filamu, vichekesho, mavazi, misemo ya kwenye daladala na mengine ambayo watu wa kawaida huyatunga na kuyafurahia kila siku, unastahili kuwa somo kuu la shahada ya chuo kikuu. Kulisema jambo hilo kwa vijana ni rahisi. Kulisema mbele ya mtu aliyeuza ng'ombe ni jambo jingine.

Nilianza kumjibu kama mhadhiri. Nilimweleza kwamba Marekani, katika jimbo la Ohio, Chuo Kikuu cha Bowling Green kilianzisha idara ya utamaduni pendwa mwaka 1973, kwa juhudi za profesa aliyeitwa Ray Browne. Nilimweleza pia kwamba Uingereza, mjini Birmingham, kituo cha kuchunguza utamaduni wa siku hizi kilianzishwa mwaka 1964. Mzee alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza: "Na hao wa Marekani, walikuwa wanauza ng'ombe?"

Nikaona nimepotea njia. Nikarudi nyumbani, maana hoja yangu ilikuwa hapa hapa barazani. Kila mtu wa rika langu anamjua mzee huyo kwa tarumbeta. Kwa miaka mingi alipiga tarumbeta kanisani, na katika harusi alikuwa miongoni mwa wale wanaopanda nyuma ya pikapu na kuwatangulia maharusi hadi barabara kuu ya Moshi. Nikamuuliza: tarumbeta hiyo ilifikaje Meru?

Hapo mzungumzaji akawa yeye. Alianza na wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig: jinsi wawili wao walivyouawa Akeri mwaka 1896, na jinsi misheni ilivyokuja kusimama hapa Nkoaranga mwanzoni mwa karne ya 20. Akaeleza jinsi alivyofundishwa noti na mwalimu aliyekuwa mkali kuliko baba yake, na jinsi fedha za kahawa zilivyosaidia kununua vyombo. Akataja ubishi uliokuwapo wazee walipoulizana kama ni halali chombo cha ibada kupigwa harusini, vijana wakicheza na kutoa jasho. Alizungumza karibu saa nzima. Alipomaliza nilimwambia: "Mzee wangu, umenifundisha historia, dini, uchumi, muziki na maadili, na yote yametoka katika chombo kimoja. Hicho ndicho anachotaka kukisoma mjukuu wako."

Ndugu msomaji, huko ndiko kuitwa taaluma mtambuka. Si kuonja kidogo hapa na kidogo pale. Ni kukubali kwamba kitu kimoja kinachopendwa na watu hakiwezi kuelezwa na idara moja. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alitoa kitabu mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni na kusambaa hadi bara. Kwa kuifuata ngoma hiyo aliweza kuonyesha namna watu walivyojipanga, walivyoshindana na walivyouelewa utawala uliokuwa juu yao. Nyaraka za maofisa peke yake zisingemwambia hayo.

Tunayo mifano mingine ya kwetu. Shaaban Robert, ambaye hakuna anayemshuku kwa wepesi, aliona Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa katika familia ya hali ya chini na ambaye sauti yake ilirekodiwa katika santuri Bombay mwaka 1928, anastahili kuandikiwa wasifu. Na Nairobi, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai kwamba idara ya Kiingereza iondolewe, na fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo. Wakati ule nayo ilionekana dharau kwa elimu. Leo mwanafunzi anaandika tasnifu juu ya vitendawili na hakuna anayecheka.

Lakini muziki wa vijana bado unachekwa. Mimi mwenyewe nilishiriki katika kicheko hicho. Nilipokuwa mwanafunzi, Arusha ilikuwa inachemka. X Plastaz, kundi lililoanza mwaka 1996, walikuwa wakichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai, na mwaka 2004 albamu yao ilitolewa Ujerumani. Nilikuwa na kanda za vijana wa mji huu, nikizisikiliza usiku. Mchana nilitafuta mada ya utafiti yenye sura ya usomi, nikaandika juu ya mambo ambayo sikuyapenda wala kuyajua vizuri. Mwaka 2006 Faza Nelly, mmoja wa X Plastaz, aliuawa. Nilihuzunika kama shabiki. Baadaye nilihuzunika kama msomi: mtu niliyeweza kumfikia kwa nauli ya daladala ameondoka, na sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Kanda zangu nazo zililiwa na unyevu. Hasara hiyo ni yangu, na sina wa kumlaumu.

Hayo yote nilimwambia mzee. Nilimwambia pia ukweli ambao sisi wahadhiri huuzunguka: kwamba sina ajira ya kumwahidi mjukuu wake. Akibaki katika ualimu, watu watajua wamwite nani na wampeleke wapi. Akisoma utamaduni pendwa, atalazimika kujieleza kila anapofika. Na somo lenyewe lina hatari zake. Likifundishwa na watu wavivu, litakuwa porojo juu ya mastaa. Likinakiliwa kutoka Ohio bila kufikiri, vijana wetu watajua habari za Hollywood kuliko za tarumbeta za Nkoaranga. Ili liwe elimu, mwanafunzi ajue lugha vizuri, ajifunze kuhoji na kusikiliza, aijue sheria ya hakimiliki, asome hesabu za biashara ya muziki, na atunze kumbukumbu ili atakayekuja baada yake asianze upya.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akamwita binti, ambaye bila shaka alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza.

"Umemsikia mwalimu wako? Hana kazi ya kukupa."

"Nimesikia, babu."

"Na bado unataka?"

"Nataka, babu. Ila ualimu nitaumaliza kwanza. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ndio nitaufanya juu ya tarumbeta. Baada ya hapo nitaomba shahada ya pili."

Sikuwa nimemshauri hivyo. Alikuwa amepima mwenyewe, na nadhani alipima vizuri kuliko mimi. Mzee alinigeukia, akaniambia kwamba wenzake aliopiga nao zamani wamebaki watatu, na mmoja wao hasikii tena. "Basi aanze na hao," alisema, "tena aanze wiki hii. Tukishakufa, hata akiuza ng'ombe kumi hatapata wa kumwambia."