Duka Si Adhabu ya Aliyefeli



Kila mwaka mtihani wa taifa unapokaribia, nasikia darasani sentensi ileile: "Mwalimu, nikifeli nitaishia kuuza duka." Husemwa kwa hofu, kana kwamba kaunta ni mahali pa kumtupia aliyekosa pa kwenda. Wapo wanaoigeuza: "Hata nisiposoma, nitauza duka." Wote wawili wanaamini jambo moja, kwamba biashara ya rejareja haihitaji kichwa. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Nafundisha somo la uwekaji hesabu, lakini mwalimu wangu wa kwanza wa somo hilo hakuwa na cheti. Nilipomaliza Kidato cha Nne, mama mdogo alinichukua nimsaidie dukani kwake Morogoro, tangu Novemba hadi nilipopangiwa shule ya Kidato cha Tano. Lilikuwa duka la kawaida la mtaani: unga, mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kula na vocha za simu. Kila Jumapili jioni tulihesabu kila kilichobaki kwenye rafu na stoo. Kisha alifungua daftari na kuuliza: "Tulichouza na kilichobaki, vinafika tulichonunua?" Visipofika, hatukulala mapema.

Chukua kalamu ufanye hesabu hii. Katoni ya sabuni yenye vipande 24 imenunuliwa kwa shilingi 24,000, nawe unauza kila kipande shilingi 1,200. Mauzo yote ni shilingi 28,800, na faida ghafi ni shilingi 4,800. Ukilinganisha faida hiyo na gharama ya kununulia, ni asilimia 20. Ukiilinganisha na mauzo, ni kama asilimia 16.7. Hadi hapo ni swali la mtihani. Sasa lifanye swali la duka: panya akitafuna kipande kimoja, umepoteza shilingi 1,000. Kwa kuwa kila kipande kinakupa faida ya shilingi 200, itabidi uuze vipande vitano ili kurudisha gharama ya kile kimoja. Na bado hujalipa kodi ya pango, umeme wala mshahara.

Ndiyo maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usidhani methali hiyo ni ya maduka madogo tu. Mwaka 2014, kampuni ya Nakumatt ya Kenya ilinunua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Miaka michache baadaye Nakumatt yenyewe ilielemewa na madeni, ikashindwa kuwalipa wasambazaji, rafu zikabaki tupu na maduka yakafungwa. Jina kubwa na taa nyingi havikuiokoa. Duka, liwe la mtaani au la ghorofa, huishi kwa kununua kwa akili, kuuza kwa wakati na kulipa madeni.

Basi kazi hii ina ngazi kama kazi nyingine. Unaweza kuanza kama muuzaji wa kaunta au mpanga bidhaa, ukawa keshia, kisha mtunza stoo, msimamizi wa zamu, mnunuzi wa bidhaa, hata meneja wa tawi. Kinachompandisha mtu si maneno matamu kwa wateja pekee. Ni kuaminika na fedha isiyo yake, kujua bidhaa ipi inatoka na ipi inalala, na kuandika kila kitu. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, kinafundisha uhasibu, masoko na ununuzi katika kampasi zake za Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Mbeya. Mlango wa astashahada unafunguliwa kwa cheti cha Kidato cha Nne chenye ufaulu unaotakiwa. Kwa hiyo anayesema asome asisome atauza duka, anaifunga ngazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Sikufichi ugumu wake. Ni kazi ya kusimama kutwa, sikukuu wenzako wakipumzika wewe unauza, na mshahara wa kuanzia mara nyingi ni mdogo. Kwa hiyo zijue haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa zisizozidi 45 kwa wiki. Omba mkataba wa maandishi, na uulize kama mwajiri anakuchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukifungua duka lako, pata namba ya mlipakodi kutoka TRA, ambayo hutolewa bure, na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Fedha ya duka usiichanganye na ya mfukoni: jilipe mshahara, hata uwe mdogo, na uuandike.

Sasa rudi kwenye marudio yako. Ukikutana na swali la bidhaa zilizobaki mwisho wa mwaka, usilikariri. Fikiria rafu, stoo na mtu anayehesabu. Ukimaliza karatasi ya mwisho, usikae tu nyumbani ukingojea matokeo. Mwombe mwenye duka unayemwamini akuruhusu umsaidie kuhesabu mali mara moja kwa wiki. Nenda na daftari lako. Matokeo yakitoka, yawe ya daraja lolote, utakuwa tayari na ujuzi ambao mwajiri anaweza kuuona kwa macho.

Nakutakia mtihani mwema.