Gogo, Kwaruzo na Mtetemo

Dereva aliisimamisha pikapu chini ya mkorosho, kijijini Madimba, Mtwara, akashuka bila kuizima. "Fundi, nisaidie. Nikifunga breki za ghafla, chini kunasaga, grrrrr, na pedeli inanisukuma mguu. Nikifunga polepole, kimya."

Ilikuwa mwaka 2013. Malori na magreda yalikuwa yakipishana kijijini usiku na mchana, maana mtambo wa kusafishia gesi ya Mnazi Bay ulikuwa unajengwa, na bomba la inchi 36 lilikuwa linaelekea Dar es Salaam. Pamoja na vyuma hivyo yalikuja magari mapya ambayo gereji za mkorosho hazikuwa zimeyazoea.

Fundi aliyepokea pikapu ile ndiye anayeandika habari hizi. Alikuwa ameshika spana miaka 20. Akapiga jeki, akatoa matairi ya mbele, akafungua kalipa. Pedi zilikuwa nene bado. Akazibadilisha hivyo hivyo. Diski akazipeleka Mtwara mjini zichongwe, akazirudisha, akamkabidhi mwenye gari hesabu yake, na mwenye gari akalipa. Siku ya tatu pikapu ikarudi na sauti ile ile.

Kosa lile lilimuuma kwa sababu alikuwa amefundishwa vizuri. Mwaka 1993, mjomba wake alimchukua kwenye gereji ya Mtwara mjini, iliyoishi kwa Landrover 109 na malori ya korosho. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilikuwa halijajengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Masika yakikaza, barabara ya Dar es Salaam ilifungika, na spea zikasubiriwa zije na meli. Kwa hiyo pale gerejini kifaa hakikutupwa kwa kubahatisha. Gari iliyoletwa kwa kelele haikufunguliwa mpaka mjomba aipande, akae upande wa abiria, afumbe macho, amwambie dereva: "Haya, kanyaga."

Kisha humgeukia mpwa wake. "Umesikia ngapi?"

Swali lilikuwa la kuhesabu kweli kweli. Gari ikifunga breki, uzito mwingi hulalia mbele. Kilicholegea husogea mara moja na kugonga: gogo! Hiyo ni moja. Tafuta bushi zilizokwisha, boljointi, bolti za kalipa, na kwa gari ya springi za majani, tafuta yubolti. Mjomba alihakikisha kwa kusogeza gari hatua mbili mbele na kufunga, kisha hatua mbili nyuma na kufunga. Gogo likijibu kila upande, kuna kitu kinacheza.

Sauti nyingi zinazohesabika ni habari nyingine. Zikiwa za haraka gari ikiwa na kasi, na kupungua kadiri gari inavyotulia, basi zinafuata mzunguko wa tairi: diski imechakaa bila kulingana, au dramu imepoteza uduara. Ile isiyohesabika, ya mfululizo, ni ya vitu viwili vinavyosuguana. Ikiwa kwaruzo zito, huenda laini imekwisha na vichwa vya ribiti vinachimba dramu. Ikiwa nyembamba kama filimbi, huenda ni kibati kinachowekwa makusudi kwenye pedi ili kiguse diski pedi inapokaribia kwisha, au ni laini iliyoungua ikawa ngumu na kung'aa kama kigae. Hiyo ya pili waliiona sana msimu wa korosho, kwa malori yaliyoteremka kutoka uwanda wa Newala yakiwa na shehena, mguu wa dereva ukiwa kwenye breki mteremko mzima. Harufu yake ilifika gerejini kabla ya lori.

Kuna jambo moja la miaka ile ambalo fundi hawezi kulisamehe. Vumbi la dramu walilipuliza kwa mdomo. Laini nyingi za zamani zilichanganywa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, na hakuna aliyewaambia wale vijana waliokuwa wakilivuta kila siku. Kwake leo dramu inaloweshwa kwa maji ya sabuni kabla ya kuguswa, na kijana anayepuliza hurudishwa nyumbani siku hiyo.

Alipohamia Madimba aliongeza somo ambalo mjomba hakulihitaji sana mjini. Madereva hupenda kuendesha ufukweni Msimbati, magurudumu yakikanyaga mawimbi. Chumvi huingia kwenye pini za kalipa, zinakwama, pedi ya ndani inakwisha na ya nje inabaki mpya. Ukichungulia kwa nje tu utaapa breki ni nzima.

Basi pikapu iliporudi, fundi alifanya alichopaswa kufanya siku ya kwanza. Akapanda. Wakaenda kwenye mchanga mkavu, mahali pasipo na mtu, dereva akafunga kwa nguvu. Ikasaga. Fundi alihesabu, na hesabu ikamshtua: gari ilikuwa inapunguza mwendo lakini mapigo hayakuwa yakipungua. Hayakuwa ya tairi.

Kwenye kisanduku cha dashibodi kulikuwa na kitabu cha gari, kwa Kiingereza. Usiku ule mpwa wa fundi, mwanafunzi wa sekondari, alimsomea kurasa za ABS. Tairi linapotaka kujifunga na kuserereka, mtambo huo huachia breki na kuibana tena mara kadhaa kwa sekunde, ili usukani uendelee kutii. Vali zake hunguruma, pedeli hutetemeka. Pikapu haikuwa na ugonjwa.

Asubuhi akataka kuona. Wakachomeka kijiti mchangani, dereva akakanyaga breki hapo kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kwanza fyuzi ya ABS ikiwamo, kisha ikiwa imetolewa. Ilipotolewa, matairi yalijifunga, yakajichimbia, yakarundika kichuguu cha mchanga mbele yao, na pikapu ikasimama karibu zaidi na kijiti. Ila safari hiyo dereva alipokata usukani, gari haikugeuka. Fundi akairudisha fyuzi. Akamweleza dereva aache umbali mkubwa zaidi kwenye mchanga, na pedeli ikitetemeka asiogope kuikandamiza. Madereva wengi huondoa mguu hapo hapo, wakati breki zinafanya kazi. Fedha ya mwenye gari aliirejesha kwa mafungu mawili.

Mtambo wa gesi ulizinduliwa Oktoba 2015. Magari mengi ya ujenzi yaliondoka, mpwa akabaki gerejini. Juzi waliletewa gari ndogo inayokwaruza. Kijana akakaa upande wa abiria, akafumba macho.

"Umesikia ngapi?"

"Mfululizo, mjomba. Lakini ukikata kulia inanyamaza."

Walitoa tairi la kushoto. Kati ya diski na bati la kukinga vumbi kulikuwa na kokoto ndogo kuliko korosho. Kijana aliitoa kwa ncha ya bisibisi, akaifuta, akamwekea mwenye gari kiganjani.