Fungu la Manju

Nimeishi Katoro, mkoani Geita, miaka mingi, na kazi iliyonisomeshea watoto ni kibanda cha kuingiza nyimbo. Nina kompyuta, spika inayotazama barabara, na mafaili yaliyopangwa kwa majina ya waimbaji. Wachimbaji walikuja na memori kadi kutoka Nyarugusu na Rwamgasa, wafugaji wakaja na flashi za redio wanazotembea nazo machungani. Mteja akitoa mia tano aliondoka na Bongo Fleva, kwaya, na zaidi ya yote nyimbo za Kisukuma, za waimbaji kama Bhudagala.

Kazi hiyo niliiona safi kabisa. Waimbaji kadhaa waliniletea nyimbo zao wenyewe niziingize bure, jina lisambae, waitwe harusini na kwenye ngoma za baada ya mavuno. Kwa hiyo niliamini kwamba muziki wa Usukuma unaishi kwa kusambazwa, na kwamba mimi ni msaada kwake.

Kilichonigeuza ni safari ya Kahama. Manju mmoja, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, mteja wangu, aliniomba nimsindikize studio. Alikuwa ameuza dume mnadani. Pesa ile niliiona ikigawanyika: fundi wa studio, mpiga video, nauli za wachezaji, sare zao, chakula chao. Kuna ubeti aliourudia mpaka sauti ikakauka, kwa sababu ulimtaja marehemu wa ukoo fulani na hakutaka jina lake litamkwe ovyo. Tuliporudi, pesa ya dume ilikuwa imekwisha.

Muda si mrefu wimbo ule ulikuwa kila kibanda, kuanzia Katoro hadi Ushirombo. Kwangu pia ulikuwemo; kijana wangu wa kazi aliuchukua kwa flashi kwa jirani, na watu walishaulipia. Manju alipopita, hakugomba. Aliniuliza tu: "Mwanangu, kwenye duara hata mvuta kamba anapata fungu. Langu liko wapi?"

Hakuna mtu wa machimboni asiyelielewa swali hilo. Mawe yakitoka, mifuko inagawanywa: mwenye leseni, mwenye duara, yaani shimo lenyewe, wachimbaji, na mwenye karasha la kusaga mawe naye analipwa. Anayedhulumiwa fungu lake hutetewa na machimbo mazima. Kwenye wimbo ule tulilipwa sote, mwenye nyumba ninayopanga, muuza memori kadi na mimi, ila aliyeutunga hakupata hata senti.

Nikaitafuta sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inampa mtunzi haki ya kuamua nani anakili kazi yake na nani aisambaze. Haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hapo nikaelewa kwamba wale walioniletea nyimbo bure walikuwa wakiitumia haki yao. Ukarimu wao haukunipa ruhusa ya kuchukua cha mwingine ambaye hajasema kitu.

Naujua utetezi wetu: mchimbaji hana hela, bando ni ghali, tena wimbo ukinakiliwa mwenyewe anabaki nao. Ni kweli anabaki nao. Lakini hakuuza dume ili abaki na wimbo nyumbani. Na kama mteja wangu ni maskini, manju naye ni maskini. Siwezi kumhurumia mmoja kwa mali ya mwenzake.

Sasa naingiza nyimbo za waliokubali tu. Wako tuliopatana nao fungu kwa kila wimbo unaolipiwa. Wengine wametaka zitoke bure, mradi nimpe mwenye harusi namba yao ya simu. Mwenye simu ya intaneti namwelekeza kwenye chaneli ya mwimbaji mwenyewe YouTube. Mapato yamepungua na wateja wengine wamehamia vibanda vingine. Nimekubali, kwa kuwa ninachopata sasa naweza kumweleza yeyote kimetoka wapi.

Wenzangu wenye vibanda, wa Katoro, Kahama na Shinyanga mjini, manju hawa tunakutana nao mnadani, harusini na misibani, na namba zao tunazo. Kabla hujanakili, piga simu umuulize. Akikubali bure, mshukuru. Akitaka malipo, mlipe.