Mirunda ya Kigamboni, ngazi ya Brooklyn

Mpwa wangu alianguka Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 2021, kutoka ghorofa ya pili, akiwa na karai la zege begani. Mrunda mmoja wa jukwaa ulikatika, akaenda chini nao. Fundi aliyemwita kazini asubuhi ile alimpakia kwenye bajaji, akalipia picha ya mguu, na wiki iliyofuata akauza mashine yake ya kukatia vigae ili aongezee hela ya vyuma vya mguuni. Ukoo mzima ukamsifu: huyu fundi ana utu. Mwenye jengo alituma pole. Mimi nilituma dola 600 kutoka Brooklyn, na nilipotoka kwenye duka la kutuma pesa nilijiona mtu mwema.

Miaka ikapita kabla sijajiuliza swali la kijinga kabisa: kwa nini mimi? Lile lilikuwa jengo la ghorofa tatu, la kupangisha, lina mkandarasi na bango getini. Na walioulipia mguu wa kijana ni watu wawili, fundi anayekula kwa siku na mjomba anayebeba mbao za jasi New York.

Aliyeniamsha ni Mkongo mmoja wa Lubumbashi niliyefanya naye kazi huku. Tulikuwa tunakarabati jengo la fleti, yeye yuko juu ya ngazi anafunga dari, hakuna aliyemshikia chini. Ngazi ikateleza. Kiganja kilivunjika, na nyonga ikapata ufa. Neno lake la kwanza halikuwa la maumivu. Alinishika suruali akasema, “Ndugu, usiite ambulansi, sina karatasi.” Ambulansi tuliiita. Na lile neno, karatasi, limenikaa kichwani tangu siku ile, kwa sababu baadaye niligundua kwamba yeye asiye na karatasi alikuwa na haki iliyo karibu na mkono wake kuliko mpwa wangu mwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, aliyevunjikia kilomita chache kutoka alikozaliwa.

New York mtu aliyeumia saiti ana milango miwili. Wa kwanza ni bima ya fidia ambayo mwajiri lazima aikate. Hapo haulizwi nani alizembea. Bima inalipa matibabu, na kama huwezi kufanya kazi kabisa unalipwa theluthi mbili ya wastani wa ujira wako wa wiki, kukiwa na ukomo uliowekwa. Unatakiwa kumjulisha mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30, na kufungua dai ndani ya miaka 2. Ukiwa na kibali au huna, bodi inayosimamia fidia haikunyimi kwa sababu hiyo, na inakutafutia mkalimani bila malipo. Wakili naye hadai chochote mfukoni mwako, ujira wake unapitishwa na jaji na kukatwa kwenye fidia. Mkongo wetu alikuwa halipwi kwa mshahara rasmi, bosi alimwandika kama mkandarasi binafsi. Ujanja huo ni wa zamani, na tangu 2010 jimbo lina sheria ya kuudhibiti katika ujenzi: wewe ni mwajiriwa mpaka bosi athibitishe vinginevyo.

Bei ya mlango huo ni kwamba mwajiri wako mwenyewe, kwa kawaida, huwezi kumshtaki tena. Ndipo unapokuja mlango wa pili, na huu ndio ulionikalisha chini. Kuna sheria hapa ya tangu 1885, watu wa saiti wanaiita sheria ya jukwaa. Inasema hivi: mtu akianguka kutoka juu, au kitu kikimwangukia, kwa sababu hakupewa jukwaa, ngazi au kamba ya kumlinda ipasavyo, anayewajibika ni mwenye jengo na mkandarasi mkuu. Hata kama hawakuwepo, hata kama hawamjui kwa sura, hata kama mwenye jengo yuko Florida anaota jua. Na hata kama wewe nawe ulikosea kidogo, kosa lako halipunguzi chochote. Kwa kawaida wanaponyoka pale ambapo kosa lote ni lako, mfano ulipewa mkanda ukaambiwa uuvae ukaukataa. Muda wa kushtaki ni miaka 3, ila jengo likiwa la serikali ya jiji kuna taarifa ya kupeleka mapema, ndani ya siku 90, na wengi hujikwaa hapo.

Hiyo sheria inamruka fundi. Inamruka bosi mdogo aliyekuchukua barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Inapanda moja kwa moja hadi kwa mwenye mali. Wenye majengo na kampuni za bima wanaichukia, wanasema inapandisha gharama ya kila tofali, na hawatungi kabisa: bima za ujenzi hapa ni ghali mno. Illinois walikuwa na ya kwao ya namna hiyo wakaifuta 1995. New York imebaki peke yake.

Na msidhani Wamarekani walizaliwa na huruma. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hili ilitupilia mbali sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ikisema inamnyang'anya mwajiri mali yake. Kesho yake, Machi 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto hapa Manhattan, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Ikabidi katiba ya jimbo irekebishwe 1913, na sheria ikapita upya 1914. Tena ukivuka jimbo, mambo yanabadilika. Rafiki yangu yuko Houston, na Texas mwajiri binafsi anaruhusiwa kutokata hiyo bima kabisa. Ukiumia kwa mwajiri wa namna hiyo unamshtaki yeye mwenyewe, na uombe Mungu awe na kitu cha kulipa. Kwa hiyo mtu akikwambia “Marekani wanafanya hivi”, muulize Marekani ipi.

Kesi ya Mkongo bado haijaisha. Fidia ya wiki ilianza kuingia, lakini ile ya mwenye jengo inakokotwa mwaka wa tatu sasa. Katikati wametokea watu wa kumkopesha hela kwa dhamana ya kesi, kwa riba ya kutisha, na matangazo ya mawakili yanamfuata hadi ndani ya treni yakiwa na meno meupe. Ameshakopa mara moja. Nilimgombeza, akaniuliza kodi nitamlipia mimi? Nikanyamaza.

Sasa turudi Kigamboni. Nilipoanza kusoma ya huku nikadhani kwetu hakuna kitu, ndiyo maana tunachangishana. Nikaona aibu. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulioanza kazi 2015. Kila mwajiri anatakiwa ajisajili na kuchangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko nao hauulizi nani alizembea. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Piga hesabu: theluthi mbili za New York ni asilimia 66 na ushee. Kwenye maandishi, Kigamboni inaizidi Brooklyn! Ulemavu wa kudumu una malipo yake, mazishi yana yake, wajane na watoto wana yao. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12.

Nilimpigia mpwa wangu. Miezi 12 ilikuwa imepita zamani. Lakini hata ingekuwa haijapita, nani angesema “huyu alikuwa wangu”? Mkandarasi wa kwenye bango alikuwa na orodha ya watu wake, na saidia fundi hawakuwemo. Waliletwa na fundi, fundi aliwalipa jioni mkono kwa mkono, na jina la kijana halikuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la mama lishe, kwa deni la wali maharage. Tukimdai fundi tunamdai mtu aliyeshauza mashine yake.

Dada yangu hakufurahia maswali yangu. “Unataka tumshtaki mtu aliyetulipia X-ray?” Sikutaka kabisa. Nilitaka aone kwamba tumemshukuru fundi kwa mzigo uliokuwa wa mtu mwingine, na kwamba dola zangu 600 hazikuwa msaada wa mjomba kwa mpwa. Zilikuwa bima ya mwenye ghorofa. Nimewauliza wenzangu wa hapa, wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura, na karibu kila mmoja ana mguu, mgongo au jicho la ndugu alilowahi kulilipia, la saiti ya mtu asiyemjua. Sisi ndio tunaokata bima ya majengo ya nyumbani, kila mwisho wa mwezi, bila hata kupewa risiti.

Mpwa wangu amepona, anachechemea kidogo wakati wa mvua, na amerudi kwenye zege, kazi nyingine hana. Tumekubaliana jambo moja. Kabla ya kupanda, anapiga picha bango la getini: jina la mwenye mradi, mkandarasi, namba za usajili. Kisha anajipiga picha yeye na wenzake wakiwa na makarai, na kumwomba fundi amwandikie ujumbe wa siku anazofanya kazi. Vyote ananitumia. Simu yangu sasa imejaa mabango ya Dar kuliko picha za wanangu.

Ya juzi ilikuwa ya Toangoma. Lundo la kokoto, mbwa amelala juu yake, mirunda imesimama hadi ghorofa ya pili. Chini ameandika: “Hii haina bango, mjomba. Nipande?”