Ngome na Tende

Jumatano, 9 Aprili 2025. Matrah, Maskati
Tumefika salama. Ngome za Mirani na Jalali zimekaa kila moja juu ya jabali lake, zote mbili za Mreno, na Baba watoto keshaanza kunisomea historia barabarani. Nimemwambia mimi nimekulia karibu na Ngome ya Mombasa, mizinga ya Mreno hainishtui. Sokoni nilikuwa nauliza bei ya ubani kwa Kiarabu changu cha chuoni, bibi mwenye duka akanikatiza: "Sema Kiswahili, mwanangu, tusichoshane." Kiunguja kitupu! Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na bei ikateremka.

Alhamisi, 10 Aprili. Jabrin
Ngome ya Bahla tuliitazama kwa nje tu. Ni kubwa, ya udongo, na imo katika urithi wa dunia tangu 1987, lakini roho yangu ilikuwa kwenye kasri la Jabrin.

Wageni wote huinua shingo kutazama dari zilizochorwa maua, nami sikatai, zinapendeza. Chumba kilichonikamata kiko kwengine: ghala la tende. Sakafu yake imetiwa matuta, na kati ya matuta mna mifereji myembamba. Magunia ya tende yalipangwa hapo moja juu ya jingine, ya chini yakakamuliwa na uzito wa ya juu, asali ikachuruzika mpaka mtungini. Nikachutama nikapitisha kidole mferejini. Laini kama kinu cha nyanya yangu.

Aliyelijenga kasri, Imamu Bil'arab bin Sultan, amezikwa humu humu. Alifia ndani akiwa amezingirwa na ndugu yake, Saif. Na Saif huyo ndiye ambaye jeshi lake liliitwaa ngome yetu ya Mombasa Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Shuleni tulimsoma kuwa mkombozi, basi. Kwamba mazoezi ya kuzingira aliyafanyia kwa nduguye hatukuambiwa.

Ijumaa, 11 Aprili. Nizwa
Asubuhi mnada wa mbuzi. Wanunuzi wamekaa duara, wauzaji wanazungusha mbuzi wao mbio mbio huku wakitaja bei. Baba watoto alitaka kubaki mpaka adhuhuri. Nikamvuta mkono.

Mnara wa ngome ya Nizwa ni kazi ya baba wa Bil'arab na Saif, Sultan bin Saif, yule aliyemfukuza Mreno Maskati mwaka 1650. Ulichukua miaka 12. Ngazi ni nyembamba, zinapinda, kila baada ya hatua chache kuna mlango, na juu ya mlango kuna tundu. Adui akikwama mlangoni humwagiwa asali ya tende inayotokota. Kumbe ile asali haikuwa ya kulia mkate tu! Maji ya moto hutiririka yakapoa, asali hung'ang'ania ngozini. Aliyelifikiria hilo bila shaka alikuwa mtu wa jikoni, ingawa mabango yanasifu maimamu peke yao.

Jumamosi, 12 Aprili. Jabal Akhdar
Askari hawaruhusu gari la kawaida kupanda, lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Huko juu, kama meta 2,000, ni baridi ya kujifunika shuka, na mawaridi yamejaa kwenye matuta ya mashamba yanayoshuka bondeni. Huchumwa alfajiri kabla jua halijayakausha. Mzee mmoja alitufungulia tanuri lake la udongo: maua chunguni, juu yake bakuli la kukinga mvuke, na juu kabisa chombo cha maji baridi. Marashi hutoka na rangi ya chai, yana harufu ya moshi. Sisi tuliozoea yale meupe ya kutia mrashini wakati wa maulidi tungedhani yameharibika. Nimenunua chupa tatu. Baba watoto ameuliza mara mbili ni za nani.

Jumatatu, 14 Aprili. Sur
Pwani tena, alhamdulillahi. Fath al-Khair, jahazi la 1951 lililoundwa hapa hapa, limewekwa nchi kavu watu walitazame. Mabaharia wa Sur walikuja kwetu na kaskazi, wakarudi na kusi, na kusi ndiyo inaanza kuvuma sasa. Baba watoto amelizunguka lote akigonga mbao.

Kesho njiani kurudi Maskati tutapita Wadi Shab. Kuna kutembea kwenye mawe na kuogelea, na yeye tangu jana analalamikia goti. Akibaki garini, nitakwenda peke yangu.