Alama Niliyomnyima Mwanafunzi

Nilimkosesha mtoto swali alilolijibu kwa kufuata kanuni niliyomfundisha mwenyewe. Nilipokuja kutambua, alikuwa ameshamaliza shule, nami sikumtafuta. Naandika haya ili kosa lijulikane kuwa ni langu.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi huku Mtae. Mada ilikuwa mabadiliko ya maada, na kanuni niliyoandika ubaoni ilikuwa rahisi kukariri: badiliko la kiumbo hurudishika, la kikemikali halirudishiki. Niliipenda kwa sababu mifano yake niliipata nje ya dirisha. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa milima ya Usambara, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenye unyevu hupanda mteremko, hupoa, na mvuke wake hugeuka matone. Huo ndio ukungu. Jua likiwaka, matone hurudi kuwa mvuke, na muda wote huo ni maji yale yale. Kuni nazo zikishaungua, hakuna awezaye kuyakusanya majivu na moshi vikawa kuni tena. Darasa zima liliitikia, nami nikaridhika.

Kwenye jaribio niliwataka wataje badiliko moja la kikemikali na kutoa sababu. Binti mmoja aliandika: kusaga mahindi, kwa sababu unga haurudi kuwa mahindi. Nilitia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Baada ya kipindi alinifuata na daftari lake. “Shikamoo mwalimu. Si ulisema lisilorudi ni la kikemikali?” Nilimjibu kwa ukali akasome tena. Hakuuliza swali tena darasani kwangu hadi anamaliza.

Niseme kweli: nilijua kwamba kusaga si badiliko la kikemikali, lakini sikuweza kueleza kwa nini. Jibu nililikuta kwenye kitabu cha mwongozo, nikalibeba lilivyo. Mtoto yule aliichukua kanuni yangu akaenda nayo hatua kwa hatua mpaka ikamfikisha mahali pasipo sahihi, na hapo ndipo nilipopaswa kuona kuwa kanuni yenyewe ni mbovu. Badala ya kuirekebisha, nilimnyamazisha.

Nusu ya pili ya kanuni ile ilinivunjikia miaka baadaye, nilipokuwa nikisoma habari za Wapare. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba bati likishaliwa na kutu, chuma kile kimepotea moja kwa moja. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji, na muungano huo kweli ni badiliko la kikemikali. Lakini ukisimama Mtae siku isiyo na ukungu, ng’ambo ya tambarare ya Mkomazi unaiona milima ya Upare, na huko Washana, ukoo wa wahunzi, walikuwa wakiyeyusha chuma tangu kabla ya ukoloni. Madini waliyotumia yalikuwa chuma kilichofungamana na oksijeni, kama ilivyo kutu. Waliyatia tanuruni pamoja na mkaa, wakavukuta mivukuto. Gesi iliyotokana na mkaa ule iliinyakua oksijeni, kikabaki chuma cha kufulia majembe. Walichokifanya kwa mikono yao ndicho nilichokiita hakiwezekani, tena nikikisema kila mwaka huku nikiitazama milima yao.

Swali nililopaswa kuwafundisha ni hili: je, kimezaliwa kitu kipya? Punje ikisagwa, wanga wake ni ule ule, umevunjwa tu vipande vidogo, hata kama hakuna mashine ya kuirudisha. Ukoko wa ugali ulioungua chini ya sufuria ni kitu kingine: rangi, harufu na ladha vimebadilika kwa sababu vilivyomo vimevunjika na kuungana upya.

Hata dalili za badiliko la kikemikali zinataka uangalifu. Sufuria ya maji ikichemka huku kwetu, kwenye nyuzi joto 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, mapovu yanayopanda ni maji yaliyogeuka mvuke. Kamulia ndimu kwenye magadi, mapovu yatatoka pia, lakini hayo ni kaboni dayoksaidi, gesi ambayo haikuwemo kwenye ndimu wala haikuonekana kwenye magadi. Macho yanaona mapovu tu. Ni lazima mtu aulize ndani yake kuna nini, na kuuliza ndiko nilikokukataza.

Sasa mwanafunzi akitoa jibu lisilo sahihi, namwomba kwanza anieleze amelifikiaje. Mara nyingine nagundua kwamba amepotea njiani mwenyewe. Mara nyingine nagundua kwamba njia mbovu nilimwonyesha mimi, na hapo nafuta ubao mbele ya darasa na kusema wazi kuwa nilikosea.

Binti yangu, popote ulipo, kusaga mahindi ni badiliko la kiumbo, na katika hilo jibu lako halikuwa sahihi. Lakini ulifikiri sawasawa, na swali lako lilikuwa bora kuliko somo langu. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile. Naomba unisamehe.